Maji ya bomba yananuka dawa: sufuria, jagi la chujio, mishumaa na WaterGuard, kipi kinafanya kazi gani

Maji yakinuka dawa, wengi huyachemsha. Wengine hununua jagi lenye chujio, wengine huacha ndoo wazi usiku kucha, na wapo wanaochemsha kisha wakaongeza WaterGuard, dawa ya klorini ya kutibu maji nyumbani, juu yake. Vyote vinauzwa au kufanywa kwa jina moja la "kusafisha maji", na hapo ndipo fedha zinapopotea, kwa sababu kuondoa klorini na kuua vijidudu ni kazi mbili zinazopingana. Klorini, ile dawa inayonuka, ndiyo mlinzi. Ukishaiondoa, maji yanabaki bila ulinzi wowote mpaka yanywewe. Kila kifaa hapa chini kimepimwa kwa maswali mawili: kinaondoa klorini kiasi gani, na kinayaacha maji katika hali gani.

Kwanza, kiasi chenyewe. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha kiafya cha klorini kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 5 kwa lita. Mtambo wa maji hulenga maji yafike bombani kwako yakiwa bado na angalau miligramu 0.2 kwa lita. Watu wengi huanza kuisikia harufu maji yakiwa na miligramu 0.6 hadi 1, na wenye ulimi mwepesi hata chini ya hapo. Kwa hiyo pua hulalamika mapema mno kabla ya kikomo cha afya. Ndiyo maana nyumba iliyo karibu na mtambo hupata maji yenye harufu kali kuliko nyumba iliyo mwisho wa laini, ingawa maji ni yale yale: klorini huliwa njiani na kutu, matope na utelezi wa ndani ya mabomba. Wa mwisho wa laini, ambaye hasikii harufu yoyote, ndiye anayepaswa kuwa na wasiwasi zaidi.

Sufuria

Ndiyo, kuchemsha kunaondoa klorini. Joto huifukuza sehemu yake hewani, na sehemu nyingine humalizwa na mabaki ya viumbe yaliyomo majini au huvunjika na kuwa chumvi za kawaida za kloridi. Lakini muda wa kuua vijidudu na muda wa kumaliza harufu havilingani. Kuua vijidudu kunahitaji maji yafikie mtokoto wa nguvu kwa dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kama Eldoret au Nyahururu. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na bado zinatosha, maana vijidudu vya magonjwa hufa kabla ya hapo. Harufu ya dawa ni jambo lingine. Dakika 1 huipunguza tu. Ukitaka iishe kabisa, kanuni inayotumika ni dakika 15 hadi 20, sufuria ikiwa wazi.

Hilo la sufuria kuwa wazi ndilo wengi hulikosea. Mfuniko ukiwa umebana, mvuke hugeuka matone na kurudi chini, na kile kilichokuwa kinatoka hurudi nacho. Sufuria pana hutoa klorini haraka kuliko birika refu lenye mdomo mwembamba, na birika la umeme linalojizima lenyewe maji yakianza tu kutokota halifai kwa kazi hii. Linafaa kwa chai, basi. Maji yakishachemka, hapo sasa funika, yapoe yakiwa yamefunikwa, kwa kuwa sasa hakuna dawa ya kupambana na vumbi, inzi wala mkono wa mtoto.

Gharama yake ndiyo inayotufanya tusiipendekeze sufuria kwa ajili ya harufu peke yake. Kupandisha lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji nishati ya megajuli 6.3 hivi, hata kabla hujaanza kuhesabu dakika za kutokota. Kwa umeme hiyo ni karibu yuniti 2. Kwa gesi, jiko la kawaida likipoteza nusu ya joto, ni gramu 270 hivi, yaani mtungi wa kilo 6 utakuchemshia madumu ishirini na ushee, ukiwa hupikii kitu kingine. Kwa jiko la mkaa ni kama kilo nzima ya mkaa kwa dumu moja. Zidisha kwa bei ya mtaani kwako, halafu linganisha na bei ya chujio.

Kuna faida moja ya sufuria ambayo haisemwi. Klorini ikikutana na mabaki ya majani na udongo kwenye maji ya mto au bwawa hutengeneza kemikali za jamii ya trihalomethani, ambazo Johannes Rook alizigundua Rotterdam na kuziandika mwaka 1974. Inayojulikana zaidi ni klorofomu, ambayo huchemka kwenye nyuzi 61. Maji yakitokota sufuria ikiwa wazi, hiyo huondoka vizuri. Fungua dirisha la jiko, na usiegemeze uso juu ya mvuke.

Sasa hasara. Sufuria haiondoi chumvi, naitreti, madini ya risasi wala floraidi, na kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke, vitu hivyo huzidi kukolea. Kwa wakazi wa Arusha, Nakuru na maeneo mengine ya Bonde la Ufa yenye floraidi nyingi, kuchemsha dakika 20 kila siku ili kuondoa harufu ni kujiongezea tatizo. Huko kinachotakiwa ni chujio la mkaa wa mifupa, na hicho ni kifaa tofauti kabisa na mkaa wa chujio tutakaoutaja mbele, hata kama muuzaji atakuambia mkaa ni mkaa.

Na ladha iliyopooza ya maji yaliyochemshwa haitokani na klorini. Ni hewa iliyotoka. Yamimine mara kadhaa kutoka chombo safi kimoja kwenda kingine, ladha itarudi.

Harufu ambayo sufuria haiwezi

Kabla ya kununua chochote, hakikisha unachonusa ni klorini. Kuna harufu ya dawa ya hospitali, ile ya kupaka kidonda, inayojitokeza hasa kwenye chai. Mara nyingi hiyo ni klorofenoli, inayotokea klorini inapogusana na fenoli zilizomo kwenye mpira au plastiki duni: bomba jipya la bustani, mpira wa mashine ya kufulia, birika jipya la plastiki, au valvu iliyochakaa. Inasikika hata ikiwa kidogo sana, na kuchemsha hakuisaidii. Jaribio lake ni rahisi. Chota maji moja kwa moja kwenye bomba la kwanza baada ya mita, bila mpira wowote, na mengine kutoka bomba la jikoni. Kama la kwanza halinuki hivyo, tatizo ni la nyumba yako. Badilisha mpira uweke ulioandikwa kuwa ni wa maji ya kunywa.

Nyingine ni ya maji ya kisima au boza yenye amonia, dalili ya kawaida ya choo kilicho karibu. Hapo mtu huweka dawa kidogo, maji yananuka kama bwawa la kuogelea, naye anadhani ameweka nyingi mno. Kumbe klorini imeungana na amonia na kuwa kloramini zenye harufu kali na nguvu ndogo ya kuua. Ili klorini huru, yaani ile ambayo haijaungana na kitu kingine, ibaki, kunahitajika takriban miligramu 8 hadi 10 za klorini kwa kila miligramu 1 ya amonia, kiasi ambacho kifuniko cha WaterGuard hakifikii. Maji ya namna hiyo yachemshe au tafuta chanzo kingine.

Ndoo iliyoachwa wazi

Haigharimu kitu na inafanya kazi, polepole. Ndoo pana yenye maji ya kina kifupi hupoteza harufu nyingi ndani ya saa kadhaa hadi siku nzima. Jua kali huharakisha sana kwa kuwa miale yake huvunja klorini huru. Mtungi wa udongo nao huila klorini huku ukipoza maji, ndiyo maana maji ya mtungini huwa matamu. Tunaipendekeza kwa kumwagilia miche na kwa samaki wa mapambo. Kwa maji ya kunywa, funika kitambaa safi cha wavu, kisha yanywe siku hiyo hiyo.

Jagi lenye chujio la mkaa

Hiki ndicho kifaa bora kwa mtu ambaye maji yake ya bomba ni salama na shida yake ni ladha tu. Ndani yake kuna kaboni amilifu, yaani mkaa uliochomwa kwa mvuke au kemikali mpaka ukawa na matundu madogo yasiyohesabika. Mkaa huu haukamati klorini tu, unaigeuza: klorini inapogusa uso wake hubadilika kuwa kloridi isiyo na harufu. Ndiyo sababu hata chujio dogo huimaliza klorini kwa lita nyingi, na huondoa pia sehemu ya trihalomethani na hizo klorofenoli zinazoishinda sufuria. Mkaa wa jikoni uliosagwa haufanyi hivyo. Tafadhali usijaribu.

Kuanza kutumia: loweka chujio jipya kama karatasi yake inavyosema, kisha pitisha majagi mawili au matatu na kuyamwaga au kumwagilia maua, mpaka vumbi jeusi liishe. Chujio la kawaida la jagi, kwa mfano lile la msingi la Brita linalouzwa Marekani, limepangiwa lita 150 hivi. Familia ya watu watano inayokunywa na kupikia lita 10 kwa siku inalimaliza kwa wiki mbili, si miezi miwili kama inavyodhaniwa. Hesabu hiyo uifanye ukiwa bado dukani, na uulize kama vichujio vya akiba vipo. Jagi zuri lisilo na vichujio vya kubadilishia ni pambo la meza.

Linavyoharibika: mkaa ukishaondoa klorini, sehemu yake ya chini inabaki na unyevu, joto na chakula cha bakteria, bila dawa. Chujio lililokaa siku kadhaa bila kutumika, hasa Dar es Salaam au Mombasa kwenye joto, linaweza kutoa maji yenye bakteria wengi kuliko yaliyoingia. Weka jagi kwenye friji, badilisha chujio kwa wakati, na likikaa muda mrefu lianze upya kwa kumwaga majagi ya kwanza. Jagi la namna hii haliui vijidudu. Usilitilie maji ya boza, ya kisima wala ya mvua ukidhani yametakata.

Kama una presha ya kutosha, chujio la chini ya sinki la inchi 10 lina thamani zaidi kwa lita kuliko jagi. Panga hivi: kwanza kichujio cha matope cha mikroni 5, kisha kipande cha kaboni. Ukikigeuza mpangilio, matope yataziba kaboni ndani ya wiki chache na utalaumu kiwanda.

Jambo hili linawagusa pia wanaonunua maji ya kujaza kwenye maduka yenye mashine za osmosi kinyume, zinazosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi. Utando wa mashine hizo huliwa na klorini; zile za kawaida zinataka maji yaliyo chini ya miligramu 0.1 kwa lita. Kwa hiyo duka zuri lina tangi la kaboni kabla ya utando na linalibadilisha. Kaboni ikichoka, klorini hupita, utando hutoboka polepole, na chumvi huanza kupanda kwenye maji yaliyouzwa kama safi. Muulize muuzaji kipimo cha chumvi cha maji yanayoingia na yanayotoka. Anayekijua atakitaja bila kufikiri.

Chujio la mishumaa

Lile la vyombo viwili vilivyopangana, cha juu kikiwa na mishumaa ya kauri, limezoeleka majumbani kwetu na linastahili heshima yake. Kauri nzuri huzuia bakteria na vijidudu vikubwa kama giardia na kriptosporidiamu, ambaye klorini ya kawaida haimwezi kabisa. Virusi ni vidogo mno, vingi hupita. Kuhusu klorini: mshumaa wa kauri tupu hauigusi sana, mshumaa wenye kaboni ndani huiondoa. Kwa macho hutaona tofauti, soma boksi. Tikisa mshumaa, ukisikia chembe zinacheza ndani, kuna uwezekano ni kaboni.

Kosa kubwa ni kuusugua kwa sabuni. Sabuni huingia kwenye matundu na hutoka kwenye chai wiki nzima. Tumia brashi laini na maji safi tu. Kosa la pili ni ufa mdogo au washa, yaani pete ya kuziba, iliyolegea kwenye shingo ya mshumaa. Maji huanza kushuka haraka, mwenye nyumba anafurahi, kumbe yanapita pembeni. Mshumaa ambao ghafla umekuwa mwepesi kutoa maji ni wa kukaguliwa, si wa kusifiwa.

WaterGuard na Aquatabs

Hizi zinaongeza klorini, haziondoi, lakini lazima ziwepo kwenye tathmini hii kwa sababu ndizo zinazochanganywa ovyo na sufuria. WaterGuard ya maji ni hipokloriti ya sodiamu yenye nguvu ndogo, zaidi kidogo ya asilimia 1. Kifuniko kimoja ni kwa lita 20 za maji maangavu, viwili kwa maji yenye ukungu. Soma chupa yako, kwani vifuniko hutofautiana. Kidonge cha Aquatabs cha miligramu 67 nacho ni cha lita 20 na hutoa karibu miligramu 2 za klorini kwa lita. Koroga, funika, subiri dakika 30. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa au yaachwe yatuame, kwa sababu tope huila dawa kabla haijafika kwa vijidudu.

Kati ya hizo mbili tunapendelea vidonge kwa anayehifadhi kwa dharura, maana dawa ya maji hupungua nguvu kwa joto na mwanga. Chupa iliyokaa dirishani mwa duka ikipigwa na jua inaweza kuwa na nguvu pungufu ya iliyoandikwa. Mwambie muuzaji akupe ya ndani ya kabati, na uangalie tarehe. Kwa matumizi ya kila siku ya familia, chupa ni sawa kabisa. Usibadilishe na dawa ya kufulia yenye manukato au rangi.

Kuweka WaterGuard kisha ukachemsha ni kutupa dawa. Kuchemsha, kupooza, kisha kuweka dawa kuna mantiki endapo tu maji yatakaa kwenye ndoo inayochotwa kwa kikombe. Ila suluhisho la bei nafuu zaidi hapo ni ndoo yenye mfuniko na koki. Na kuweka dawa kisha kumimina kwenye jagi la mkaa ni sahihi, mradi dakika 30 zimeisha kwanza na maji yanayotoka yanywewe upesi. Ukifuata mpangilio huo unapata usalama na ladha, hata kwa maji ya boza yaliyo maangavu.

Asiye na jagi ana njia moja ya duka la dawa: vitamini C. Miligramu 2.5 hutosha kuondoa miligramu 1 ya klorini, papo hapo. Ndoo ya lita 20 yenye miligramu 1 kwa lita inahitaji miligramu 50, yaani nusu ya kidonge cha miligramu 100. Tumia kisicho na sukari wala rangi, na ukiweke mwisho kabisa, wakati wa kunywa.

Kwa walioko London, San Francisco au Washington

Sehemu kubwa ya London, San Francisco tangu 2004 na Washington DC tangu 2000 hutumia kloramini badala ya klorini huru kwenye mabomba. Ushauri wa ndoo wazi haufai huko, na kuchemsha huchukua muda mrefu mno kuwa na maana. Jagi la kawaida hupunguza, ila polepole. Tafuta chujio lililoandikwa wazi kuwa ni la kloramini. Wafuga samaki ndio hugundua tofauti hii kwa uchungu, samaki wakifa kwenye maji yaliyolala siku mbili.

Kifaa cha mwisho, na cha kwanza kununuliwa

Ni kipimo cha klorini cha DPD, kile cha mabwawa ya kuogelea. Tia mililita 10 za maji, ponda kidonge namba 1, linganisha rangi ya waridi na kadi ndani ya dakika 1. Hiyo ni klorini huru. Ukiongeza kidonge namba 3 na rangi ikazidi, ziada ni kloramini. Vile vya matone yanayogeuka manjano ni rahisi zaidi, ila huchanganya hizo mbili na maji yake hayafai kuonjwa wala kurudishwa kwenye ndoo. Pima bomba la kwanza, bomba la jikoni, na maji yanayotoka kwenye chujio. Chujio la mkaa likianza kutoa waridi, hata hafifu, limekwisha, hata kama kalenda yake inasema bado.